Ua wa miti kiwanja cha uwanda Makunduchi: mihina, bogenvilia au nilete duranta kutoka Dar?

#1 Kijana wa Mwera

Assalaam alaykum wanajamvi.

Nina kiwanja Makunduchi, 20 kwa 30, upande wa pwani lakini si ufukweni kabisa. Bahari unaisikia, huioni. Nyumba ndogo imeshaezekwa, choo tayari, tangi la lita 1,000 limesimama. Kilichobaki ni uzio. Nilipopigiwa hesabu ya ukuta wa matofali nilimshukuru fundi nikaondoka. Makuti nayajua: miaka miwili mitatu kusi limeshayachana, unarudi kwa msukaji yule yule na bei imepanda. Kwa hiyo nataka ua wa miti.

Ninachotaka kwanza ni stara. Wanawake waanike nguo na wapike uani bila kila anayepita na baiskeli kugeuza shingo. Halafu mbuzi. Makunduchi mbuzi wanatembea kama wana hati za viwanja vyote. Uzuri wa mbele ya nyumba ni wa mwisho, ingawa sikatai.

Hesabu yangu: mzunguko ni mita 100, nikitoa mlango wa mita 4 inabaki 96. Mche mmoja kila sentimita 30 ni miche 320. Nimetajiwa shilingi 1,500 kwa mche, yaani 480,000 kabla ya gari. Rafiki yangu wa Dar anasema nilete duranta zile za majani ya njano, anazo jirani yake na zinapendeza kweli. Fundi anasema bogenvilia. Mama mkwe anasema mihina.

Ardhi ni uwanda mtupu, jiwe la matumbawe. Ukipiga sururu inatoa cheche. Mwenye uzoefu aje.

#2 Ngalawa Mbovu

Mama mkwe kashasema mihina, na wewe umekuja kutuuliza sisi? Haya, mie nimekaa siti ya mbele na kahawa yangu na kashata. Endeleeni.

#3 Shamba Darasa

Waalaykum salaam. Mkuu, umeanza kwa kutaja majina ya miti. Tuanze kwa pale penyewe.

Makunduchi una mambo matatu yanayoua miche. La kwanza ni jiwe. Uwanda ni matumbawe ya zamani, udongo umekaa kwenye mifuko tu kati ya mawe, na ni udongo wenye chokaa nyingi. Mimea inayopenda udongo mchachu, mfano iksora, pale hugeuka njano majani huku mishipa ikibaki kijani. Mtu akiona hivyo humwaga mbolea, na haisaidii, kwa sababu chuma kimo ardhini ila chokaa inauzuia mmea usikichukue. Hibiskasi nayo hufanya hivyo, ingawa huvumilia zaidi.

La pili ni chumvi ya hewani. Wewe uko kusini mashariki, na kusi linakupiga usoni kuanzia masika yanapoisha hadi Septemba huko. Mwenye kiwanja Matemwe hesabu yake ni nyingine, yeye anaogopa zaidi kaskazi la Disemba hadi Februari. Duranta unayoisifia Dar iko nyuma ya majumba, haijawahi kuonja upepo huo. Ukiipanda upande wa bahari majani yataungua kuanzia ncha, kisha upande mzima ukauke, na ua wenye upande mmoja si ua. Nyuma ya nyumba, penye kivuli cha upepo, inaweza kukaa, lakini inataka maji.

La tatu ni hayo maji. Miche 320, ukiipa lita mbili mbili ni lita 640. Tangi lako ni la 1,000. Ukimwagilia mara moja wenye nyumba wanaoga kwa zamu. Na kama unategemea kisima cha huko, onja maji kwanza. Visima vingi vya upande ule vina chumvichumvi, na mche mchanga hauipendi.

Kwa hiyo swali si mti gani mzuri. Ni mti gani utakaoishi pale kwa mvua na kwa matone machache ya kiangazi. Ukiutafuta hivyo orodha inakuwa fupi sana: mhina, bogenvilia, mvinje, mkonge, minyaa, na kile kichaka cha ufukweni nitakachokieleza baadaye.

#4 Kijana wa Mwera

Shukran sana mwalimu. Nimeelewa habari ya duranta. Lakini nipande lini basi? Wengine wananiambia vuli, si mbali.

#5 Shamba Darasa

Ungekuwa Kizimbani au Donge kwenye udongo mzito ningekwambia vuli sawa. Kwako hapana. Ukipanda Novemba, mche unapata wiki chache za mvua kisha unaingia kiangazi cha Januari na Februari, jua na kaskazi kavu, mizizi haijapata hata pa kujishika kati ya mawe. Panda mwisho wa Machi, masika yakianza. Utapata mvua ya Aprili na Mei, kisha miezi ya baridi.

Tatizo la masika ni kwamba kusi linakuja nyuma yake na chumvi. Dawa yake iko mkononi mwako: makuti. Usiyatupe hayo ya zamani. Simamisha ua wa makuti hata ulio hafifu upande wa bahari, panda miche nyuma yake. Kuti likioza, mti umeshasimama.

Vuli hii tumia kuchimba. Mtaimbo na sururu, mashimo yakae wazi, jaza mboji na samadi iliyooza, chini weka makumbi ya nazi, yanashika unyevu vizuri mno. Kama kuna mchwa karibu, makumbi yaliyokwisha kuoza ndiyo bora, makavu yatawaita.

Na jambo moja watu hawaambiwi: usivute kamba ukachimba kila sentimita 30 kama unajenga msingi. Kwenye uwanda utavunja mikono bure. Chora mstari wenye upana wa nusu mita, tafuta mifuko ya udongo ndani ya mstari huo, panda ilipo. Mti mmoja utakuwa mbele kidogo, mwingine nyuma. Ua unanyooshwa kwa mkasi baadaye, hakuna atakayejua.

#6 Mpemba wa Kojani

Yakhe mnamtisha kijana bure. Kwetu Pemba ua ni mbono. Unakata fimbo za urefu wa mita moja, nene kama kifundo cha mkono, unazichomeka karibu karibu, mvua moja zimechipua. Bei yake ni jasho tu. Mbuzi hagusi, ng'ombe hagusi. Au minyaa, hiyo hata mvua haingoji. Ati miche 320 kwa shilingi 1,500! Wallahi pesa mnazo.

#7 Mama Wawili

Kaka yangu wa Pemba, mbuzi hagusi kwa sababu anajua. Mtoto hajui. Mbegu za mbono ni sumu, na ubaya wake si chungu, mtoto akionja anaongeza. Kutapika na kuharisha kunakofuata si mchezo, unakimbilia hospitali usiku. Na minyaa utomvu wake ukiingia jichoni ni moto, mtu anaweza kukaa siku kadhaa haoni vizuri. Ikitokea, osha kwa maji mengi safi bila kuacha, kisha nenda hospitali, usingoje kesho. Mwenye watoto wadogo, au aliye karibu na madrasa, aiache kabisa. Watoto wanacheza na vijiti, wanavunja, wanarushiana.

Kwa mpaka wa shamba la mbali sina neno.

#8 Mpemba wa Kojani

Hilo nalikubali dada. Minyaa ikatwe na mtu mzima, aliyevaa miwani na nguo ya mikono mirefu. Ila mbono una aibu nyingine ambayo hamkuitaja: kiangazi huangusha majani. Unabaki na safu ya fimbo. Kwa mbuzi inatosha, kwa stara haitoshi. Kwa huyu bwana anayetaka nguo zisionekane, hapana, sasa naiondoa kura yangu.

Ila vipandikizi navishikilia. Kijana, usinunue kitu kinachoota kwa fimbo!

#9 Bi Miche

Naona zamu yangu imefika. Mimi nauza miche, kwa hiyo mnisikilize mkijua nina maslahi, lakini kaka wa Pemba kasema kweli. Bogenvilia inaota kwa kijiti. Kata tawi lililokomaa, si lile laini la kijani, unene wa penseli, urefu wa shibiri moja, toa majani, chomeka kwenye kiriba kivulini. Si vyote vitashika. Chomeka viwili kwa kila unachohitaji. Ukianza vuli, hadi Machi una miche yako. Mhina pia unashika kwa kijiti vizuri.

Sasa kwa ambaye lazima anunue, haya ndiyo tunayoyaona sisi wauzaji na mnunuzi hayaoni.

Usichague mche mrefu. Kila mteja anakuja anaokota mrefu, akidhani kauokoa muda. Mrefu mwembamba umekua hivyo kwa sababu ulibanwa na wenzake ukitafuta jua. Ukiupanda unasimama kama mlingoti, chini mtupu, na ua mtupu chini ndio mlango wa mbuzi. Chukua mfupi wenye matawi matatu manne kuanzia karibu na udongo.

Inua kiriba. Kama kimegoma kwa sababu mizizi imeshatoboa na kuingia ardhini, muuzaji ataung'oa kwa nguvu, mizizi itakatika, na utanyauka njiani kabla hujafika Tunguu. Kama mizizi inazunguka ndani kama kamba iliyosokotwa, mche huo umekaa sana. Unaweza kuununua kwa bei ya chini, lakini ukate mizizi hiyo pembeni kwa wembe wakati wa kupanda, la sivyo itaendelea kuzunguka pale pale.

Geuza jani. Upande wa chini ndiko waliko. Ukiona vitu vyeupe kama pamba na sisimizi wanapanda na kushuka, hao ni vidung'ata. Kwenye hibiskasi ndiyo nyumba yao. Mche mmoja wa hivyo utaambukiza safu nzima, na mipapai ya jirani nayo haitasalimika.

Uliza ulikaa wapi. Mche wa kivulini ukiupeleka moja kwa moja jua la Makunduchi unaungua. Mwambie muuzaji auweke juani wiki mbili kabla hujaja, mpe arubuni. Na agiza wote kwa mkupuo mmoja kutoka mti mama mmoja, hasa bogenvilia. Vinginevyo utapata pinki hapa, chungwa pale, na nyingine inakimbia wenzake kwa urefu.

Ongeza sehemu moja ya kumi ya kufa. Ukihitaji 100 nunua 110, hizo 10 zikae pembeni kwenye viriba zikue pamoja na wenzake. Ukija kununua mwaka wa pili ya kuziba pengo haitalingana tena.

Na hiyo 1,500 kwa miche zaidi ya 100 ni bei ya mgeni. Patana.

#10 Ngalawa Mbovu

Muuzaji anayesema "usinunue kwangu" na "patana". Bi Miche, wewe ni wa wapi nije nikuposee ndugu yangu?

#11 Bi Miche

Nina mume na ana mkasi mkubwa wa kukatia ua. Endelea na kahawa yako.

#12 Mgeni Bara

Wakuu mimi niko bara. Kwa nini hamtaji michongoma? Huku ndiyo kila nyumba, ikishikana hata paka hapiti.

#13 Mpemba wa Kojani

Kuupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. 😂

#14 Shamba Darasa

Ni mti mzuri na mwizi anauheshimu, lakini unakwenda taratibu, na kwenye jiwe taratibu zaidi. Mndimu vivyo hivyo: miiba mikali, unakupa na ndimu, ila majani yake machanga huliwa na vidudu vinavyochora njia nyeupe ndani ya jani, na haupendi chumvi. Kama mtu yuko Mkoani au Chake kwenye udongo wa kina, aipande yote miwili. Huyu ndugu yetu anahitaji kitu cha kufunika macho ndani ya miaka miwili.

Niliahidi kile kichaka. Ukitembea ufukweni Jambiani au Bwejuu utaona kichaka cha duara, majani mazito ya kijani yanayong'aa, na ua dogo jeupe ambalo ukiliangalia kwa karibu lina nusu moja tu, petali zote ziko upande mmoja kana kwamba mtu amelichana. Wataalamu wanakiita Scaevola taccada. Kinaota mchangani mbele ya mawimbi, chumvi ndiyo chakula chake. Kinakubali kukatwa na kinaota kwa kijiti. Hakina miiba, kwa hiyo peke yake si ukuta, lakini safu yake mbele ya ua wa upande wa bahari inapokea upepo kwa niaba ya walio nyuma. Kata vijiti kwa wenye navyo bustanini. Usiende kung'oa vya ufukweni, vile vinashika mchanga usiliwe na bahari.

Mvinje pia. Watu wanaujua kwa nguzo, hawajui kwamba ukiukata kichwa ukiwa wa urefu wa kiuno unafanya ua mzito wa kijani, na unajitengenezea naitrojeni kwa vijidudu vya kwenye mizizi yake. Sharti lake ni moja: uukate kidogo kidogo, mara kwa mara. Ukiuacha miaka mitatu ukakumbuka siku moja na panga, ukikata hadi kwenye kuni ngumu hauchipui tena. Unabaki na kisiki, na pengo. Na ukiuacha moja kwa moja ni mti wa zaidi ya mita 20 juu ya paa lako.

#15 Somo

Nimesoma yote nasubiri mtu aseme la mihina kwa urefu, naona kila mtu anaitaja na kupita. Basi nitasema mie.

Mhina ndio ua wa bibi zetu, na si kwa kukosa pesa ya vingine. Kwenye jiwe unaota, kiangazi unavumilia, chumvi kidogo haiushughulishi. Matawi machanga ni laini, unayapinda utakavyo. Yakizeeka yanachomoza miiba, hapo mbuzi na mwizi wanakutana na neno lao. Panda safu mbili za kupishana, kati ya mche na mche shibiri mbili hivi, safu na safu mguu mmoja. Ikishashika tu, kata. Ndiyo, kata, hata kama moyo unauma. Ukiuacha upande juu utapata ufagio. Kata kwenye urefu wa dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya vidole, kutoka ardhini, uchipue pembeni, ukipanda tena shibiri moja ukate tena. Na chini pawe papana kuliko juu, ili jua lifike kwenye matawi ya chini. Ua unaokatwa ukawa mpana juu, chini yake hukauka, na hilo nalilaumu kwa vijana wanaokata wamesimama bila kuinama.

Halafu ua mwingine haukupi kitu. Huu mwaka wa pili unaanza kuchuma. Karibu na sikukuu na misimu ya harusi majani mabichi yanatafutwa, watu wanakuja wenyewe na mifuko. Kukata ua wako kunakuwa ndiyo mavuno. Maua yake ni madogo ya rangi ya maziwa, jioni yananukia uani kote. Hina ya kutwanga nyumbani na ndimu unajua kilichomo. Hii piko nyeusi wanayopaka wageni ufukweni imechanganywa na rangi ya nywele, wangapi wamebabuka ngozi. Lakini hilo ni uzi mwingine.

Kasoro yake? Kiangazi kikali bila tone la maji unapungua majani, unakuwa mwepesi. Haumalizi yote kama mbono, lakini mtu akisimama karibu atachungulia. Ukiutupia maji kidogo mara moja kwa wiki miezi ile miwili, haufiki huko. Tumia maji ya kuoshea vyombo na mchele, usimwage.

Mama mkwe wako ana akili.

#16 Kijana wa Mwera

Somo, nimempelekea simu asome. Ameniambia "si nilikwambia", sasa silali.

#17 Mzee wa Baraza

Vijana mmesema ya miti, hakuna aliyesema ya mpaka.

Hapa Zanzibar mti si kitu kidogo. Tangu zamani ardhi inaweza kuwa ya huyu na mkarafuu au mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule. Ndiyo maana mtu alikuwa akikuachia ulime muhogo wake kwa roho safi, lakini ukipanda mti wa kudumu anakuja mbio. Muhogo unang'olewa, mti unadai. Wewe ukipanda safu ya mihina juu ya mstari wa mpaka, miaka kumi mbele majani hayo yanauzwa, je ni ya nani? Na matawi ya upande wa pili anayakata nani?

Kwa hiyo kwanza mwite jirani. Pili mwite sheha, yaani kiongozi wa shehia yenu, mtembee mpaka wote pamoja na alama zionekane, hasa kama eneo bado halijapimwa rasmi na kuna mawe tu ya kienyeji. Tatu, ingia ndani ya kwako, hatua moja kamili, ndipo upande. Utapoteza ukanda mwembamba wa ardhi, utapata nafasi ya kupita na mkasi upande wa nje bila kukanyaga kwa mtu, na hakuna mjukuu atakayegombana. Kama jirani anakubali mpande pamoja juu ya mpaka na kugawana gharama, vizuri zaidi, lakini iandikwe na mashahidi watie mikono.

Upande wa barabara ingia zaidi. Barabara za huku zinapanuliwa, na ua hauna fidia nono.

#18 Shamba Darasa

Mzee umemaliza. Nami niongeze kwa ajili ya wale wa Dar: ukitaka kuleta miche kwa boti, waulize kwanza watu wa ukaguzi wa mimea. Zanzibar ina sheria yake ya kulinda mimea, na kiriba chenye udongo wa bara kinaweza kuleta wadudu ambao huku hatuna. Usije ukanyang'anywa bandarini miche uliyokwisha kuilipia.

#19 Kijana wa Mwera

Jamani Mwenyezi Mungu awalipe. Nimekaa na wenye nyumba tukapanga hivi, nikosoeni:

Upande wa bahari mita 20: mbele kile kichaka cha ua la nusu, nyuma yake mvinje wa kukatwa. Pande mbili ndefu, mita 60: mihina safu mbili. Mbele barabarani mita 16 zilizobaki baada ya mlango: bogenvilia ya rangi moja. Vijiti vya mihina nitapata kwa jamaa za mama mkwe. Vya bogenvilia nitaomba. Mvinje ndio nitakaonunua. Duranta nimeisamehe.

#20 Bi Miche

Mpango mzuri na umenikosesha biashara. Mambo mawili. Mihina safu mbili kwenye mita 60, kwa nafasi aliyotaja Somo, ni kama vijiti 300. Chomeka 500. Usiseme "jamaa watanipa" halafu ukapewa kifungu kimoja.

Bogenvilia usiisogeze karibu na njia ya kupita. Kila ukikata, okota miiba yote, vaa viatu vizito. Mwiba wake unapita kwenye ndara na tairi la baiskeli vile vile. Na usiibembeleze kwa maji na mbolea. Ukiishibisha inatoa majani tu, ukiiacha na kiu kidogo ndipo inapopaka rangi. Ikimaliza rangi, kata, itarudi.

#21 Mama Wawili

Kaka, na mbuzi wa mwaka wa kwanza? Huo mpango wote ni salad kwao, si mihina wala mvinje utakaofika magotini.

#22 Mpemba wa Kojani

Hapo sasa. Koroga mavi ya mbuzi kwenye ndoo ya maji, iache usiku, asubuhi chovya ufagio rashia majani. Mbuzi hali kinachonuka mavi yake. Mvua ikiosha unarudia. Inanuka, majirani watasema, lakini siku mbili harufu imekwisha kwa binadamu, kwa mbuzi bado.

#23 Kijana wa Mwera

Ami, mvua za masika si kila siku? Nitarashia hadi lini?

#24 Mzee wa Baraza

Nenda kwa wavuvi wa Kizimkazi au hapo hapo Makunduchi uombe nyavu kuukuu zilizokwisha kazi. Zungushia nje ya miche, nguzo za mvinje au mikoko iliyozeeka kila hatua tatu. Lakini ukunje vizuri chini na uzivute zikaze. Wavu uliolegea unashika pembe za mbuzi, akinyongeka usiku, asubuhi unalipa mbuzi wa watu, na huyo ni ghali kuliko ukuta.

#25 Ngalawa Mbovu

Mzee mikoko tena? Utamponza kijana, ile hairuhusiwi kukatwa ovyo.

#26 Mzee wa Baraza

Nimesema iliyozeeka, iliyobaki kwenye nyumba zilizobomolewa. Soma kwa makini uache kashata.

#27 Fundi wa Fuoni

Samahani kuingilia, uzi umenisaidia. Mimi niko Fuoni, udongo mwekundu wa kina, hakuna chumvi, mbuzi wachache, ila mvua ikinyesha maji yanatuama upande mmoja wa kiwanja siku tatu nne. Mihina itafaa huko?

#28 Shamba Darasa

Sehemu iliyotuama hapana, mhina hautaki miguu majini, na bogenvilia ndiyo kabisa, mizizi itaoza. Chimba mfereji kwanza au inua tuta la nusu mita upande huo, kisha panda miche juu yake. Sehemu iliyobaki ya kiwanja, weka unachotaka, hata hiyo duranta ya Kijana wa Mwera. Tuma picha ya hapo maji yalipotuama, mvua ikishanyesha.